Kikapu cha Mtoa Mada

Salatiga, Jumatano asubuhi

Mpendwa Mbak Ratri,

Salamu kwanza, maana Mama amepita hapa nilipoketi na kuniuliza kama nimeanza na salamu au nimeanza na umbeya. Basi assalamu alaikum, dada yangu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na joto la Makassar? Na wanafunzi wako, bado wanaiga sauti yako ya upole wa kwetu, halafu wanacheka wakidhani huwasikii? Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Goti la Mama limepungua maumivu tangu alipokubali kuacha kuchuchumaa bustanini, ingawa nikitoka tu anarudi kuchuchumaa. Mlima Merbabu haujaonekana wiki nzima kwa mawingu. Paka amezaa ndani ya kabati lako na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumhamisha, kwa hiyo ujue batiki yako ya kahawia sasa ni kitanda cha watoto wa paka.

Najua umeshangaa kupokea karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikucheka ukinunua stempu, nikakwambia barua ni mambo ya makarani wa zamani. Leo naandika kwa kalamu na vidole vinaniuma kwa kutozoea. Anayekuletea ni mzee wetu Pakde Wiryo, anakuja huko kumwona mjukuu wake. Nimemwomba akifika kwako avue kofia ya pikipiki akiwa bado getini, umwone uso vizuri kabla hujapokea kitu mkononi mwake. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama siku hizi ninapata usingizi.

Ninalokuomba ni moja. Mama ameniambia kwa furaha kubwa kwamba unakuja nyumbani kwa ajili ya kongamano letu, Jumapili ya wiki ijayo. Usikate tiketi mpaka uimalize barua hii. Kama umeshaikata, kaa chini uisome hata hivyo.

Niende taratibu, ingawa unajua mimi si mtu wa taratibu. Unakumbuka kwamba kongamano la wajenzi wa tovuti halikufanyika mwaka ule aliotutoka mumeo, Mas Tunggul, na mwaka uliofuata hakuna aliyelitaja. Tuliendelea kukutana kwenye kibanda cha kahawa cha Cahyo, kila mtu na kompyuta yake, tunatengeneza tovuti za shule, za misikiti, za wauza tempe za soya, na kiti cha mumeo tunakiacha wazi bila mtu kusema kwamba tunakiacha. Mwaka huu Cahyo akapasua jipu. Alisema Mas Tunggul angetukuta tumenuna hivi angetufukuza wote, abaki na kahawa peke yake. Tukacheka, kisha tukagawana kazi. Cahyo akachukua ukumbi na kukusanya maombi, Bu Warsini akachukua chakula kama kawaida yake, na mimi nikapewa kualika watoa mada. Walisema mtu akialikwa na mimi huogopa kukataa.

Utaratibu wetu wa kualika unaujua kuliko mimi, ulikuwa ukifunga vile vikapu kwa mikono yako. Niache nieleze hata hivyo, kwa sababu balaa lote limo humo. Miji mingine humwalika mtoa mada kwa barua pepe. Anajibu kwamba ameheshimika sana, halafu kongamano likikaribia, bibi yake anafariki kwa mara ya tatu. Mas Tunggul alichoshwa na mabibi hao. Akasema sisi tutaalika kama watu wa kwetu wanavyoalika harusini: mtu unayemheshimu humpelekei kadi, unampelekea chakula mlangoni kwake, wali, kuku, tambi, na sambal, ile pilipili ya kusaga, pembeni. Akishakula, amekubali. Na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kula halafu asitokee.

“Barua pepe mtu atasema hakuiona,” alikuwa akituambia. “Kuku je? Nani atasema hakumwona kuku?”

Unamkumbuka yule wa Semarang aliyepata homa, akaja amevaa sweta mbili, akatoa mada yake huku meno yanagongana, kwa sababu tu watoto wake walikuwa wamemaliza kikapu? Alikuwa akimlaani Mas Tunggul na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Mwenye kula asipoweza kabisa kwenda, njia ni moja tu, ampeleke mtu wake akae kwenye kiti chake. Ulinifanyia hivyo kwenye harusi ya Danar, yule mchumba aliyeniacha, nilipokula kikapu chao kwa kiburi, kuonyesha kwamba hajaniumiza, halafu siku yenyewe miguu ikakataa kunibeba. Ulivaa kebaya yangu, ile blauzi ya sherehe, ukaenda kukaa nilipopangiwa kukaa.

Vikapu vile mumeo alivipeleka mwenyewe kwa pikipiki, hata Magelang, hata kwenye mvua. Hilo ndilo lililomchukua na sitaki kulitonesha, ila kuna neno moja ambalo Mama ananiambia hatukuwahi kukwambia. Pale walipomkuta, kwenye kona ya Kopeng, kikapu alichokuwa akikipeleka kilikuwa kimesimama wima kando ya barabara. Pikipiki ilikuwa bondeni. Kikapu hakikuinama wala sambal haikumwagika.

Kabla ya shughuli yoyote huwa hatukai bila kuwaarifu waliotangulia, kwa hiyo tulikwenda makaburini kwa Mas Tunggul, mimi na Mama. Tulisafisha, tukamwaga maua, kisha Mama akazungumza naye kwa ile lugha yake ya juu anayoiweka kwa ajili ya wakwe. Alimweleza kwamba watoto wanafanya tena sherehe yao, akamwomba awatakie heri kutoka huko huko aliko. Maneno hayo, huko huko aliko, aliyarudia. Mimi nikaona ni madoido ya wazee. Baadaye goti likamkamata, akatangulia kumngoja mwenye gari, nikabaki nyuma kufagia majani. Kwa sasa niishie hapo.

Maombi yakaanza kuingia, mengi kuliko tulivyotarajia. Nayo tunayachagua kwa ile sheria ya mumeo: kompyuta ya Cahyo inaficha majina hata kwake, sote tunasoma mada tu na kutoa alama, ili pasiwe na mtu wa kupendelewa. Nyingi zilikuwa za kawaida, namna ya kuuza batiki mtandaoni, namna ya kufanya picha zisichelewe kufunguka. Moja ilinishika. Ilizungumzia nyumba mtu anapoiacha. Mwandishi alisema tovuti ni nyumba, na mgeni apewe maji kabla ya kuulizwa jina, halafu akauliza: mjenzi akiondoka ghafla na funguo zake zote, wageni wanaoendelea kuja wanapokelewa na nani? Niliisoma macho yakajaa machozi. Nilidhani ni mwanafunzi wake mmoja, aliyemsikiliza vizuri kuliko sisi. Nikaipa alama zote. Kumbe kila mtu aliipa alama zote.

Siku ya kufunua majina tulikutana kwa Cahyo baada ya sala ya alasiri. Bu Warsini alikuwa amekuja na tempe za kukaanga, tunakula, tunataniana. Cahyo akasoma jina la kwanza, akasoma la pili. Alipofika la tatu alifunga kompyuta, akaenda kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Tulipomfuata akanigeukia mimi.

“Mbak Wening, mimi nakupenda na unajua,” alisema. “Lakini huu si utani.”

Nilimwapia kwamba sijui anachosema, akafungua kompyuta tuone. Jina lilikuwa Tunggul Wiratma. Anwani ya barua pepe ilikuwa ile ile ya kwake, ambayo neno la siri alikwenda nalo. Wewe mwenyewe ulihangaika nayo pamoja na fundi wa simu hadi mkakata tamaa. Nikamgeuzia Cahyo kibao, nikamwambia yeye ndiye anayepokea maombi, basi yeye ndiye mtani. Cahyo alianza kulia, Mbak. Yule Cahyo anayetania hata msibani. Hapo nikajua si yeye.

Bu Warsini alisema tufute na tusizungumze tena. Cahyo naye alitaka kufuta. Mimi, kwa kichwa changu hiki, nilisema mtu akibisha hodi anajibiwa, na kama ni mwizi wa majina ya watu tutamnasa akijibu. Nikamwandikia kama ninavyowaandikia wote, kwamba mada yake imechaguliwa, na kama ana mahitaji yoyote siku hiyo atueleze. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto jibu lilipoingia. Naliandika hapa kama lilivyokuwa.

“Asante, Bu Mandor. Nitakuja. Naomba viti viwili karibu na mlango, kimoja changu na kimoja cha Ratri. Chakula kilifika salama, na sambal mliiweka pembeni kama ninavyopenda.”

Bu Mandor. Tangu aliponibandika jina hilo, la mama msimamizi anayewafokea vibarua, hakuna mwingine aliyethubutu kuniita hivyo. Nilihisi nywele zikinisimama. Na wakati huo huo, nisikufiche, nilitabasamu.

Ni Cahyo aliyeuliza ni chakula gani hicho. Vikapu vya mwaka huu vilikuwa havijapikwa hata kimoja, Bu Warsini alikuwa hajanunua kuku. Wote walinitazama. Nikasema sijui.

Tangu siku hiyo hapajatulia. Cahyo aliposimamisha ukurasa wa watoa mada kwenye tovuti yetu hakuliweka jina lile, lakini kesho yake lilikuwepo. Akaliondoa, likarudi. Akabadilisha funguo zote za tovuti mbele ya macho yetu, na kabla hajainuka kitini jina likawa limerudi, safari hii na picha. Picha yenyewe unaijua, ile aliyopigwa kwenye kongamano la mwisho, ameketi kwenye kiti cha plastiki cheupe, anacheka na mtu ambaye haonekani. Mwanzo niliona ni ile ile. Baadaye Bu Warsini akanionyesha kiti cha pili kando yake, kitupu, na kwenye egemeo lake umetundikwa mtandio wa kijani wenye ua moja lililofumuka ukingoni. Mtandio huo ulikuwa haujanunuliwa picha hiyo ilipopigwa. Nilikununulia mimi siku unahama, ukaondoka nao. Nakuomba uende ukautazame mahali ulipouweka.

Nilipoona hivyo nilikuandikia kwenye simu, bila kueleza sana, nikakwambia tu usije mwaka huu, ukumbi ni mdogo na shughuli haitakuwa nzuri. Jibu likaja papo hapo kutoka namba yako, na picha yako ile ya profaili: Sawa Bu Mandor, lakini nimeshaahidi. Sikukwambia kamwe kuhusu jina hilo, Mbak, wala sidhani yeye alikwambia, na wewe tangu nizaliwe unaniita Dik Wen. Nilipopiga, simu ikapokelewa. Nilisikia mvua na pikipiki imesimama inanguruma, basi. Siku hiyo Makassar hapakuwa na mvua, niliuliza. Ndiyo maana unaona kalamu na karatasi. Kila kinachopita kwenye nyaya anakijua, nyumba hiyo ameijenga yeye. Bahasha hajawahi kuipenda.

Nilikuwa bado najipa moyo. Nilijiambia ni mtu amelipata neno la siri la marehemu, mtu mwenye roho mbaya na ujuzi mwingi, na watu wa aina hiyo wapo. Jana ndipo Mama alipotoka chumbani na simu yake mkononi, uso umenawiri. Amesema amezungumza nawe kwa muda mrefu, umemuulizia dawa ya goti, umemcheka kwa sababu ya paka, na ni wewe hasa kwa sababu mligombana kidogo kuhusu chumvi. Halafu akasema umewashukuru sana watu wa kongamano kwa kukukumbuka. Kwamba kikapu kilikufikia Jumatatu. Kwamba ulilia ulipokifungua, kwa sababu kilifungwa kama mlivyokuwa mkivifunga, wali, kuku, tambi, sambal pembeni. Kwamba umekula chote peke yako, ukaona huwezi tena kukataa kuja nyumbani. Na kwamba kijana aliyekileta alikuwa na haraka, hakuvua hata kofia ya pikipiki, na kwamba wali ulikuwa bado wa moto.

Mama alicheka, akanisifu kwa kuwa na mawazo mazuri. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie. Mbak, hatukukutumia kikapu. Wewe si mtoa mada. Na hata tungekituma, wali uliopikwa Salatiga hauvuki bahari ukafika Makassar wa moto.

Sasa nirudi kule makaburini nilikoacha kufagia majani, maana haya ndiyo niliyoshindwa kuyasema mbele ya Cahyo na Bu Warsini.

Nilikuwa na kikapu. Nilikipika mwenyewe alfajiri, Mama akidhani napika chakula cha njiani, na nilikificha kwenye mfuko wa mafagio. Mama alipotoka nilikiweka kaburini, upande wa kichwa cha Mas Tunggul, nikakaa chini kwenye majani mabichi kama mtu aliyekuja kutembea, nikamwalika. Sikumwomba heri. Nilimwalika kama ninavyomwalika mtoa mada, kwa yale maneno ya mwaliko aliyoyatunga yeye na ambayo sote tumeyahifadhi. Nilimwambia tunakualika kwa heshima uje uzungumze mbele ya wajenzi wenzako. Nilimwambia chagua mada iliyo moyoni mwako. Na kwa sababu nimeyazoea, na mdomo wangu ukianza haujui kusimama, nilifika mpaka mwisho. Unaukumbuka mwisho wake? Mtoa mada anaruhusiwa kuja na mwenza wake, tutamwekea kiti kando yake.

Hakukufuata kwa uchungu wala kwa hila. Alijikuta yeye na mwenza wake kwenye mwaliko wangu, akafanya kile ambacho siku zote amekifanya kwa mtu aliyealikwa. Amekupelekea kikapu mlangoni.

Wala sikuwa natania. Watu wakijua watasema Wening na utani wake umemponza, na ningependa iwe hivyo. Lakini nilitaka aje. Nilikuwa nimechoka kukiacha kiti wazi. Tangu aondoke hakuna mtu anayenicheka mimi mwenyewe, wote wanacheka ninayosema. Wewe ulipohama sikukulaumu, nyumba ilikuwa imejaa yeye kila kona, lakini niliwapoteza wawili, na nilidhani nikimleta mmoja hata kwa siku moja, pengine na mwingine atarudi. Kwa hilo la mwisho nilipatia.

Siku ya pili nilirudi kukichukua kikapu. Kilikuwa pale pale kimefunikwa. Ndani hapakuwa na punje, na jani la mgomba nililofungia wali lilikuwa limekunjwa pembe tatu, kwa ule mkunjo wake aliokuwa akiufanya kila akishiba. Nilimuuliza mlinzi wa makaburi, akasema chakula cha kaburini hakigusi hata kwa njaa, akanitazama vibaya. Nililichukua jani lile nyumbani. Nilipaswa kuogopa tangu hapo, na niliogopa, lakini nilifurahi zaidi ya kuogopa.

Nimefikiria kumwambia asije. Nilikwenda Jumanne, jana hiyo hiyo baada ya maneno ya Mama, nikasimama pale pale, na nilishindwa hata kuanza. Utamwambiaje mtu aliyekwisha kula kwamba umeghairi? Hajakosa lolote. Kuahirisha nako hakufai, Cahyo alilitaja jambo hilo na ukurasa wa kongamano ukabadilika wenyewe, tarehe ikabaki ile ile na chini yake pameandikwa kwamba watoa mada wote wamethibitisha. Atakuja, Mbak. Viti viwili vitakuwa karibu na mlango, Cahyo amekubali kuvipanga bila kuuliza tena. Na nyote wawili mmekula.

Kwa hiyo wewe hutakuja. Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu salamu. Pakde Wiryo atakaa huko siku tatu kisha anarudi. Mpe kikapu kile kitupu, kama bado unacho, na mpe mtandio wa kijani. Usiutume kwa mtu mwingine yeyote. Kanuni haijabadilika, aliyekula asipoweza kwenda anampeleka mtu wake, na mwenye shughuli hana haki ya kunung'unika. Nitavaa kebaya yako na mtandio wako, nitakaa kwenye kiti chako kando yake, nitasikiliza mada yake mpaka mwisho. Uliketi badala yangu kwa Danar na hukuniuliza kitu uliporudi. Na mimi ndiye niliyemwalika, ni haki yangu kumpokea mlangoni.

Usinijibu kwamba unakuja kunizuia. Ukitia mguu Salatiga kabla ya Jumatatu ya baada ya kongamano, kiti ni chako, na mimi sina tena la kufanya. Kama unataka kunisaidia, Jumapili hiyo kaa na watu, funga mlango, na chakula chochote kitakacholetwa kikiwa cha moto kirudishe bila kukifunua, hata kama harufu yake ni ya jikoni kwetu. Mama hajui lolote. Akikuuliza, mwambie shule imekunyima ruhusa, aikasirikie shule.

Siogopi kama unavyodhani. Alikuwa mtu mwema na sidhani kifo kimembadilisha tabia. Ninachoogopa ni kwamba atakuwa yule yule, atakaa pale akicheka na kunitania, na mada ikiisha atainuka na kuniuliza kama twende, nami nitakuwa nimefurahi kiasi cha kutosita.

Basi sikiliza hili la mwisho. Shughuli ikiisha salama nitakuandikia kwa mkono, kama hivi, kwa huu mwandiko wangu mbaya unaolalia kushoto ambao hakuna mashine iliyowahi kuuweza. Ukiupokea, jua nimerudi nyumbani na ninamlisha paka. Lakini ukipokea ujumbe kwenye simu, wenye jina langu na picha yangu, unaokwambia kila kitu kilikwenda vizuri na mwakani ni zamu yako kualikwa, usiujibu, hata kama unakuchekesha.

Cahyo anakusalimu, na Bu Warsini anasema tempe zake bado zinakungoja, siku yoyote nyingine. Mama anakuombea kila baada ya sala. Wape wanafunzi wako salamu za shangazi yao wasiyemjua. Jitunze kifua, vaa soksi ukilala.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda kuliko ninavyojua kusema,

Dik Wen